Mwenye Nyumba Hakaguliwi

Serikali ilipotwaa majumba mwaka 1971, sisi vijana wa Ngamiani, Tanga, tulipata mchezo mpya. Jioni tulivuka reli kuingia mjini, tukasimama mbele ya ghorofa fulani, tukahesabu madirisha, tukatazama mwaka ulioandikwa kwa saruji juu ya mlango, kisha kila mmoja akataja bei. Aliyesema chini ya laki alizomewa. Sheria iliyotangazwa Alhamisi ya tarehe 22 Aprili ilimpa Rais uwezo wa kutwaa jengo lenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 ambalo mwenyewe alikuwa akilipangisha, lote au sehemu yake. Nyumba aliyokaa mwenyewe na watu wake iliachwa. Jengo lililokwisha kutimiza miaka 10 halikulipiwa fidia, na lililo changa zaidi lililipiwa kwa kadiri ya umri wake. Ndiyo maana ule mwaka juu ya mlango ulikuwa na uzito. Mtu aliyejenga mwaka 1958 na kujivunia kuuandika kwa tarakimu kubwa alikuwa amejiandikia kwa mkono wake kwamba halipwi kitu.

Nchi nzima yalitwaliwa majengo karibu 3,000, mengi mno yakiwa ya watu wenye asili ya Asia. Tanga ilikuwa mji wa pili kwa ukubwa huku Tanzania Bara, sensa ya 1967 ikiwa imehesabu watu 61,000 hivi, na fedha ya mkonge ilikuwa imesimamisha ghorofa nyingi upande wa mjini. Serikali ikaunda ofisi ya Msajili wa Majumba kuyasimamia na kuyapangisha.

Mjomba wangu, karani wa reli, alipata vyumba viwili vya juu katika mojawapo ya majumba hayo, karibu na soko. Kwa mtu aliyezaliwa kwenye nyumba ya udongo ilikuwa ajabu: bomba ndani, choo cha kuvuta mnyororo, roshani ya mbao unakosimama ukaona meli zimetia nanga. Kodi ilikuwa ya kumudu. Aliilipa dirishani kila mwezi na stakabadhi akazihifadhi kwenye mkebe wa biskuti. Nayasema haya mapema kwa kuwa siku hizi watu huizungumza 1971 kama wizi mtupu au kama ukombozi mtupu, kutegemea babu yao alikuwa upande gani wa reli. Mjomba alikaa mahali pa heshima miaka mingi kwa mshahara wa karani. Na mwenye jengo lile, mzee aliyekuwa akiuza vitambaa pale chini, alipakia familia yake akaenda Kanada, na siku ya kuondoka alimkabidhi mjomba funguo za stoo na kumwonyesha bomba kuu la maji linafungiwa wapi. Alilijua jengo lake. Hilo nimelikumbuka mara nyingi baadaye, nilipokuwa kazini.

Lakini Tanga yenyewe, Tanga ya watu wengi, ilipanga kwa watu kama bibi yangu.

Nyumba yake ilikuwa Barabara ya Kumi na Mbili. Ngamiani wakoloni waliipima kwa mistari iliyonyooka, barabara zikapewa namba, na katikati yake nyumba za Kiswahili zimebanana: kibaraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kisima, jiko na choo. Kuta za fito na udongo zilizopigwa chokaa, boriti za mikoko, paa la bati. Yeye alikaa chumba cha mbele kulia ili aone nani anaingia na nani anatoka. Vilivyobaki alivipangisha kwa mchukuzi wa bandarini, fundi cherehani, mjane aliyekuwa akipika vitumbua, na wanaume walioacha kambi za mkonge bei ilipoporomoka.

Wale wa mkonge walikuwa na hadithi moja waliyopenda kuirudia kibarazani. Kule kambini mwenye shamba alilazimishwa na sheria kumpa kibarua mahali pa kulala, na afisa kazi wa serikali ya kikoloni alipita kukagua. Usiku wa kuamkia ukaguzi mnyapara aliwaamsha watu wapake chokaa kwa taa ya kandili, na asubuhi mzungu alipita pua juu, akachungulia chumba kimoja ambacho tayari kilikuwa kimeandaliwa, akaandika, akaenda zake. Walicheka sana kwa hilo. Mimi nilikuja kulifikiria tofauti: ukaguzi wa maonyesho, naam, lakini mtu alikuja. Barabara ya Kumi na Mbili hakuja mtu. Aliyewahi kuingia uani kwa bibi kwa cheo chochote cha serikali ni bwana afya, naye alitafuta viluwiluwi vya mbu kwenye pipa, akatazama choo, akaondoka.

Bibi alijikagua mwenyewe. Hakumpokea mpangaji bila mtu wa kumdhamini anayejulikana mtaani. Ukumbini hakupikwi. Uani hufagiliwa kwa zamu, na zamu ilikwenda kwa mlango, mwenye watoto saba na asiye na mtoto wakawa sawa. Kila mwaka kabla ya masika alimwita fundi apande juu ya bati na kopo la lami, aizibe misumari yote iliyolegea, na yeye alisimama chini na fimbo akimwonyesha alipopasahau. Kodi ikichelewa kwa sababu ya Ramadhani au msiba hakusema. Ikichelewa kwa sababu ya pombe alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, na balozi alikuja na kiti chake akakaa kibarazani mpaka maneno yakaisha.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwepo mwenye nyumba mwingine. Huyo akitaka mtu atoke, aling'oa mlango wa chumba akaenda nao kuuweka kwa shemeji yake. Mpangaji alilala na pazia siku mbili tatu, kisha akahama mwenyewe. Balozi alikuwa yuleyule mmoja, barabara moja, namba za nyumba zimefuatana. Ila huyu alikuwa mkwe wa balozi. Kwa hiyo nikisikia watu wakisifu usuluhishi wa mtaa wa zamani huwa nakubali nusu: ulimbana mwenye haya, na asiye na haya aliupita.

Kama kuna mahali nchi hii ilijaribu kusema waziwazi nani afae na nani asifae kupangisha watu, ni Azimio la Arusha. Mwaka 1967 kiongozi wa chama tawala, TANU, au wa serikali alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha, na mke au mume wake alihesabiwa pamoja naye. Tanga ilikuwa na viongozi wenye nyumba. Mmoja wao, ndugu yetu kwa upande wa babu, alikuja usiku kumwona bibi, viatu mkononi asisikike ukumbini.

"Shikamoo, bi mkubwa. Nataka ile nyumba ya Makorora iandikwe kwa jina lako."

"Marahaba. Jina langu lina Mungu wake, mwanangu, usilitie mahakamani. Mwandikie mwanao."

Akamwandikia. Mwana alikuwa bado ananyonya. Sharti hilo lilibaki kwenye vitabu mpaka Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolilegeza, na kwa miaka yote hiyo Tanga ilikuwa na wenye nyumba wengi wadogo wa umri. Hata hivyo nalipa Azimio heshima yake. Lilikuwa limeuliza swali ambalo sheria zilizofuata hazikuliuliza: huyu anayetaka kuwapangisha watu ni nani?

Mimi niliingia ukarani wa baraza la nyumba miaka ya themanini. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilikuwepo tangu 1962, nayo ilikuwa imerithi ya Mwingereza. Mwaka 1984 ikatungwa nyingine, na mabaraza ya mikoa yakawa ndiyo mahali pa mwenye nyumba na mpangaji kukutana. Chini ya sheria ile mwenye nyumba hakuweza kupandisha kodi kwa kujisikia wala kumtoa mtu bila amri. Ilibidi alete sababu: deni la kodi, fujo, au kwamba anaihitaji nyumba kwa matumizi yake mwenyewe. Hii ya tatu ndiyo iliyopendwa. Kwa madai niliyoyaandika mimi, hapajatokea mji wenye harusi nyingi kama Tanga ya miaka ile. Kila mwenye nyumba alikuwa na kijana anayeoa mwezi ujao na hana pa kumweka bibi harusi. Mwenyekiti wetu, mtu wa Pangani mwenye subira, alikuwa na desturi ya kumtaka mlalamikaji alete mchumba. Wengi hawakurudi.

Nilipenda kazi ile. Niliona mchukuzi asiyejua kusoma akisimama sawasawa na tajiri wa malori na akishinda. Watu wanaosema udhibiti wa kodi haukufaa kitu hawakuwahi kukaa kwenye benchi letu la ukutani saa mbili asubuhi.

Lakini udhibiti ule ulikuwa na jicho moja, nalo lilitazama bei. Madai yaliyofika mezani yalihusu fedha na notisi: kodi ni kiasi gani, imelipwa mpaka mwezi gani, barua ilitolewa lini. Paa, choo, nyaya za umeme, ngazi isiyo na mkono wa kushikia, hayo yalitajwa pembeni tu, mtu akijitetea kwa nini hakulipa. Na shilingi ilipoanza kuyeyuka, kodi iliyopangwa ikabaki nyuma sana. Mwenye nyumba wa haki alishindwa kununua hata debe la rangi, na majumba ya umma katika miji yote ya nchi yakaanza kubanduka plasta. Upande wa pili ikastawi biashara ya kilemba, yaani fedha ya chini kwa chini ya kuachiwa vyumba. Mwenye vyumba mjini kwa kodi ya serikali hakuvirudisha akihama. Alimwachia mwingine kwa kilemba, jina kwenye kitabu likabaki lake, na huyo mwingine akamwachia wa tatu. Kuna ghorofa ambazo mpangaji wa kwenye karatasi alikuwa Dar es Salaam, wa pili alikuwa Muscat, na anayelala ndani alikuwa mtu wa nne, anayelipa mara tano ya kodi rasmi. Mwenye nyumba halisi wa mtu yule alikuwa nani? Barazani hatukuweza kumshika, maana kilemba hakina stakabadhi.

Mwaka 1990 Bunge lilitunga sheria iliyoifuta ofisi ya Msajili wa Majumba na kukabidhi mali zake kwa Shirika la Nyumba la Taifa, lile lililoundwa 1962 baada tu ya uhuru. Miaka miwili baadaye, 1992, ikatoka amri ya waziri kwamba nyumba za mashirika kadhaa ya umma, hilo likiwemo, haziguswi tena na sheria ya kudhibiti kodi. Dar es Salaam wapangaji wakaenda mahakamani. Huku kwetu amri ilifika kama karatasi moja kwenye bahasha ya kahawia. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akaniambia niipigilie ukutani.

Sitasahau shauri moja la baada ya hapo. Mama wa makamo, mpangaji wa shirika la umma lililokuwa na nyumba chache tu mjini, alikuja na kitu amekifunga kwa gazeti. Akakiweka mezani, akafungua. Kilikuwa kipande cha boriti, urefu wa mkono, kimeliwa na mchwa mpaka kimekuwa mapango matupu. Kilikuwa kimeanguka juu ya kitanda usiku, mtoto akiwa amekwenda haja. Gazeti lilipofunguka mchwa wakaanza kutembea mezani, wakapanda juu ya jalada la shauri la mtu mwingine.

Mwenyekiti akamweleza kwa upole. "Mama, mwaka jana ningelisikiliza. Sasa shirika lako limetolewa. Baraza halina mamlaka juu yake."

"Na mwenye mamlaka juu yake ni nani, mzee wangu?"

"Mwandikie meneja wao."

"Meneja ndiye mwenye nyumba."

Mwenyekiti akanigeukia mimi kama kwamba sheria inayotakiwa nimeifungia kwenye saraka. Sikuwa nayo. Hapakuwepo sheria kama hiyo. Yule mama akaikunja khanga yake, akaaga kwa adabu, boriti akatuachia. Mhudumu aliitoa nje kwa kijiko cha taka.

Sababu ya kuyaachia mashirika naielewa, na sipendi kuipuuza. Kodi zilikuwa za kuchekesha. Shirika lisilopata fedha ya kutengeneza haliwezi kutengeneza, hata likisimamiwa na mawalii. Kilichonikera, na kinanikera hadi leo, ni kwamba mwenye nyumba mkubwa kuliko wote alifunguliwa kamba ya bei bila kufungwa nyingine yoyote. Siku ileile ya kuachiwa kodi ndiyo ilikuwa siku ya kumwambia: sasa utasajiliwa kama mtoa nyumba kwa watu wa kipato cha chini, utakaguliwa paa na choo, utaonyesha hesabu za kodi zimetumika wapi, na ukishindwa kuna atakayekuuliza. Nafasi ile ikapita. Mwaka 1995 Benki ya Nyumba ikafungwa, na mwaka 2005 sheria yenyewe ya kudhibiti kodi ikafutwa kwa wote, wakubwa na wadogo. Migogoro ikaenda kwenye mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya yaliyowekwa na sheria ya 2002, ambako unahitaji mkataba mkononi na siku nyingi za kusubiri. Mwenye nyumba wa Ngamiani akajifunza upesi kudai kodi ya miezi sita, kisha ya mwaka mzima, taslimu kabla ya ufunguo.

Jirani zetu wa Mombasa hawakufuta. Kenya bado wana sheria yao ya kudhibiti kodi ya tangu ukoloni, na baraza lake lipo. Ila inamlinda anayelipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 za kwao kwa mwezi, kiwango ambacho bei za leo zimekiacha mbali sana. Binamu yangu wa Likoni husema ni sheria nzuri, imekosa wateja tu.

Mtoto wa dada yangu anakaa Leicester, Uingereza, kwenye nyumba ya chama cha kupangisha watu wa kipato kidogo. Kule vyama hivyo visivyogawana faida vilianza kusajiliwa na serikali chini ya sheria ya 1974, na asiyesajiliwa hapati ruzuku ya kujenga. Anayesajiliwa anakaguliwa uongozi wake na hesabu zake, na sasa hata namna anavyowatendea wapangaji, kisha anapewa daraja hadharani kama ripoti ya mwanafunzi. Mpwa wangu alinitumia picha ya barua ya kuwajulisha wapangaji daraja la mwenye nyumba wao. Niliisoma mara kadhaa kwa wivu wa kikarani. Wala si kwamba kule wamefika peponi. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki mjini Rochdale kwa ukungu wa ukutani uliokuwa ukilalamikiwa na wazazi wake kwa mwenye nyumba aliyesajiliwa na mwenye daraja. Ilibidi sheria nyingine itungwe mwaka 2023, ikiruhusu mwenye nyumba kuwekewa muda maalumu wa kushughulikia ukungu na hatari kama hizo, na kumwezesha mkaguzi kuingia bila kusubiri maafa. Daftari halizuii kifo. Lakini baba wa mtoto yule alikuwa na mahali pa kumtaja mwenye nyumba, na nchi nzima ikamsikia.

Hapa kwetu tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo mpangaji ndiye anayelipa kodi ya jengo la mwenzake. Serikali ikasema amkate mwenye nyumba kwenye kodi yake ya pango. Namtafuta aliyethubutu.

Nyumba ya Barabara ya Kumi na Mbili bado ipo, sasa kwa matofali, warithi ni wengi na binamu mmoja ndiye anayekusanya kodi. Wanakaa vijana wa bodaboda, wauguzi wawili wanafunzi, na mama muuza samaki wa soko la Deep Sea. Mwaka jana bati lilivuja masika yote. Mpwa wangu alipopiga simu nikamsimulia, akaniuliza swali la mtu aliyezoea mambo ya kule: "Mjomba, nyumba ile kama nyumba ya kupangisha imesajiliwa wapi?" Nikafikiri. Kiwanja kimo kwenye vitabu vya ardhi. Binamu hana leseni ya kupangisha kwa kuwa hakuna anayemtaka awe nayo. Nikamwambia imesajiliwa TANESCO, kwa namba ya mita, na mpaka leo iko kwa jina la bibi, aliyefariki mwaka 1989, kwa sababu umeme uliingizwa akiwa hai na hakuna ofisi iliyowahi kuuliza mwenye nyumba sasa ni nani.